Nyundo Nne kwa Wazee wa Chuma

4 Februari

Dada, shikamoo.

Wiki hii nimekupigia simu mara sita. Mara nne haikupokelewa. Mara mbili ulisema haloo, haloo, haloo, kama mtu anayeita kuku, halafu ukakata. Wifi yako kaniambia niache kumsumbua mtu aliyeninunia, kama nina la kusema nichukue kalamu. Basi nimechukua kalamu.

Najua ni kwa sababu ya yale maneno niliyokutupia siku tuliyogawana vitu vya mama. Nilikuwa nimechoka, nimebeba kabati ngazi nzima, na kila nikikuuliza jambo unanipa mgongo. Lakini haikuwa haki yangu kusema vile. Mdomo uliponyoka. Nisamehe, dada.

La pili ni hili: ndani ya bahasha utaona sidii. Wazee wa Chuma, ile bendi yetu ya Kijerumani, wametoa albamu mpya, ya tisa, baada ya miaka saba. Nyimbo kumi na moja. Mimi nimeshaisikiliza mara tatu na sitakwambia nimeionaje, nisije nikakuharibia.

Jarida letu la muziki linatimiza miaka ishirini toleo lijalo, na haliwezi kutoka bila tathmini ya Bibi Nyundo. Wasomaji tumebaki thelathini na mmoja, lakini hao hawaniachi. Mtu anakuja dukani kutoa fotokopi ya cheti cha mtoto, kabla hajanipa karatasi anauliza Bibi Nyundo kasemaje. Hawajui kama ni dada yangu. Wanadhani ni bibi kweli, mwenye meno mawili na fimbo.

Nimeandika na utangulizi. Nisahihishe nikikosea. Nimesema mama alikuwa na chumba cha uani, akampangisha fundi Mjerumani aliyeletwa kufunga mashine kwenye kiwanda cha sufuria. Kila jioni akawa anapiga kanda zake, na mama akasema huu muziki gani, kama mtu anamwaga mabati, lakini hakumkataza kwa sababu yule mzungu alikuwa anafagia ua bila kuambiwa. Alipoondoka alituachia sanduku zima la kanda na lile spika kubwa kama jokofu. Wewe ulikuwa na miaka kumi na tisa, mimi kumi. Mwaka uleule ukaingia kiwandani, ukawekwa kwenye mashine ileile aliyoifunga yeye. Na mpaka leo Kijerumani chetu sisi wawili ni moja hadi kumi, na yale maandishi mekundu ya kwenye mashine yako, ambayo sijui yanasema hatari, sijui usiguse.

Naihitaji mwisho wa mwezi. Toa nyundo zako, moja hadi kumi kama kawaida, na usimwonee mtu haya.

Mdogo wako,
Kitindamimba


25 Februari

Kitindamimba, marahaba.

Sijakununia. Simu yangu ndiyo mbovu. Nikiiweka sikioni ni mikwaruzo mitupu, kama mtu anakaanga kitu. Ukiwa na neno niandikie, siku hizi nimekuwa mtu wa kusoma. Na hayo maneno unayoyasema yamepita, usiyarudie.

Utangulizi uko sawa. Ila spika lilikuwa kubwa kuliko jokofu, maana jokofu letu lilikuwa lile dogo la mlango uliokuwa ukifungwa kwa kamba.

Albamu nimeisikiliza Jumapili mbili nzima, miguu nimeipandisha juu ya stuli kwa sababu vifundo vimevimba. Tunapiga zamu mbili siku tatu za wiki. Tembo, hiyo mashine yetu unayoiandika, sasa anatakiwa atoe sufuria mia nne kwa zamu. Chiriku mwenzangu anaweka duara la bati, mimi nakanyaga kikanyagio, Tembo anashuka, sufuria hiyo. Bati likikaa upande Chiriku anasema "ngoja," nami naacha mguu hewani mpaka aingize mkono alinyooshe. Zamani kulikuwa na kizuizi cha waya mbele yake, kikaondolewa kwa kuwa kinachelewesha. Miaka sita tunafanya hivyo bila hata kuzungumza sana. Naye Chiriku mwenyewe amepoa. Unakumbuka nilivyokuwa nakusimulia kwamba anaongea kutoka getini mpaka getini? Sasa anaweza kumaliza saa nzima anachezesha midomo tu kama anayesali. Kila mtu amechoka, mdogo wangu. Hata birika langu limeacha kupiga mluzi.

Haya, chukua tathmini yako.

Wazee wa Chuma wamezeeka. Nalisema mapema ili asiyetaka kuumia aishie hapa.

Wimbo wa kwanza unaanza vizuri. Ngoma nzito, na gitaa la besi linatembea kama mtu aliyevaa buti za mvua. Nikasema naam, wamerudi. Nikakaa nayasubiri matoazi, yale yaliyokuwa yanapasua kichwa kwenye albamu ya tatu mpaka mama akatokea mlangoni na mwiko mkononi. Hayakuja. Nimeyasubiri nyimbo kumi na moja. Ama mpiga ngoma anaumwa bega, ama wameona yanapiga kelele, jambo ambalo kwa bendi hii ni kama mwokaji kulalamika kuhusu unga.

Wimbo wa pili na wa tatu, gitaa limefunikwa blanketi. Zamani gitaa lao lilikuwa msumeno. Sasa ni mtu anayesogeza makabati chumba cha pili. Mwimbaji naye anameza maneno. Kijerumani sikijui, lakini nilikuwa najua neno lake linapoanzia na linapoishia, lilikuwa na meno. Sasa anatafuna uji. Wimbo wa tano anahesabu moja hadi kumi, nimetambua kwa mapigo tu, na hata hapo sita na saba zimemponyoka.

Wa sita, wa nane na wa tisa ni nyimbo za kupikia. Unaweka, unaendelea kumenya vitunguu vyako, hakuna anayekuudhi. Wa saba sina la kuusema.

Lakini wimbo wa nne nawavulia kofia. Ngoma zinakatika ghafla, kila kitu kinakatika, na kwa karibu dakika nzima hakuna chochote. Kimya. Watu waliotugongea nyundo miaka yote hii wameona heri wanyamaze. Nilidhani sidii imekwama, nikaitazama, namba zilikuwa zinatembea. Halafu chuma chote kikashuka kwa pamoja, nikatikisika mpaka stuli ikasogea. Nililia kidogo, na hilo usiwaandikie wasomaji. Ni mtu aliyechoka kabisa anayeweza kutunga kimya cha namna ile. Ndicho kitu bora katika albamu nzima, na ni kitu ambacho hawakukipiga.

Nyundo nne. Tatu ni za wimbo wa nne, moja ni ya heshima ya zamani.

Dada yako


12 Machi

Dada, shikamoo.

Jarida limetoka na limewasha moto. Mwalimu wa hesabu, yule wa koti moja, anasema Bibi Nyundo amesikiliza sidii nyingine. Kinyozi anasema hapana, mwalimu hana moyo wa ushairi, kimya kile ni fumbo na anayetaka kulifumbua anyoe kwanza kichwa. Wamebishana mlangoni kwangu mpaka wateja wakashindwa kuingia. Mimi nimewaambia Bibi Nyundo hajawahi kukosea tangu tuanze, na nitachapa barua zao toleo lijalo.

Nimeurudia wimbo wa nne. Kwanza kwa spika la dukani, kisha kwa vile vya kuvaa masikioni vya wifi yako, nimefunga na mlango. Nisaidie jambo moja tu, maana tumebishania na hilo: wimbo wa saba, baada ya ubeti wa pili, kengele inalia mara ngapi?

Na Chiriku hajambo? Umenisimulia habari zake miaka sita na sauti yake siijui. Ni nene au nyembamba?

Wifi yako anakusalimu. Mgongo wake bado.

Mdogo wako,
Kitindamimba


24 Machi

Kitindamimba, marahaba.

Inalia mara nne. Na acha kunipa mitihani ya chekechea, mimi ndiye niliyekufundisha kufunga kamba za viatu.

Mwambie mwalimu wa hesabu sidii ni hiyohiyo. Mwambie na kinyozi asante.

Chiriku hajambo. Sauti yake ni nyembamba, kama lilivyo jina tulilompa. Kwa nini unauliza?

Hapa tumeletewa barakoa, zitaanza katikati ya mwezi ujao kwa sababu ya vumbi la alumini. Kila mtu kwenye mashine ajifunge pua na mdomo. Nimemwambia msimamizi zinaleta joto. Akaniambia afadhali joto kuliko kuugua mapafu. Lakini sizitaki. Sipendi kufanya kazi na mtu nisiyemwona mdomo.

Wiki iliyopita tumepimwa wote, macho, mapafu na masikio. Nesi ameandika mzima, mzima, mzima, mstari mmoja juu ya mwenzake. Nikatoka pale nikakaa kwenye benchi la nje nusu saa, kama mtu aliyefukuzwa. Sijui hata kwa nini nakwambia hili. Nimechoka tu. Nikifika nyumbani navua kiatu kimoja, nakaa nakitazama kile kingine.

Mpe wifi pole ya mgongo. Asiiname, achuchumae.

Dada yako


2 Aprili

Dada, shikamoo.

Wimbo wa saba hauna kengele.

Nilikutega, na tangu nisome jibu lako najiona kama mwizi. Lakini nilikwisha kujua kabla sijakutega, nilikuwa naomba tu niwe nimekosea. Wimbo wa nne hauna kimya, dada. Kuna mtoto anaimba. Dakika nzima, peke yake, na sauti yake inasikika wazi hata kwa lile spika langu bovu la dukani. Mwalimu wa hesabu alikuwa sahihi, na mimi nikamcheka mbele ya watu.

Matoazi yapo kwenye kila wimbo, yamejaa mpaka wifi yako anafunga dirisha. Gitaa ni msumeno uleule. Mwimbaji anatamka kila neno na meno yake yote. Nimekaa na tathmini yako mezani na kalamu mkononi, nikapiga mstari chini ya kila ulichosema kipo na kila ulichosema hakipo. Sauti nene zote zipo. Nyembamba zote zimeondoka. Halafu nikaikumbuka simu. Nikalikumbuka birika. Chiriku hajapoa, dada. Hakupoa hata siku moja.

Umesema mwenyewe kwamba sauti yake ni nyembamba. Basi nijibu hili na usinifiche: akisema "ngoja," unaisikia au unaiona?

Kama unaiona, wiki mbili zijazo anafunikwa mdomo, na mikono yake iko chini ya Tembo mara mia nne kwa zamu.

Ninaogopa. Sijui kulisema kwa namna nyingine. Nakuomba uwaambie, hata kesho, kabla ya hizo barakoa. Najua utaniona mtoto asiye na adabu, na najua ile mashine ni maisha yako. Lakini uwaambie.

Mdogo wako,
Kitindamimba


20 Aprili

Dada,

Siku kumi na nane hujajibu. Jana nilipiga simu ofisini kwenu. Akapokea mama mmoja, nikauliza habari zako, akasema uko kazini, hujambo. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia yote. Nikasema asante, nikakata.

Kwa hiyo sasa tumekuwa waoga wawili. Nijibu.

Kitindamimba


28 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako ya tarehe mbili niliipata Ijumaa, tarehe tano. Niliisoma mara moja, nikaikunja, nikaitia mfukoni mwa aproni. Nilikasirika. Nikasema huyu niliyemfuta kamasi leo ananipima masikio. Nikafanya kazi nayo wiki nzima na siku mbili, barua mfukoni na mguu kwenye kikanyagio.

Ni kweli. Mwaka wa tatu huu. Ilianza na ndege wa asubuhi, nikadhani wamehama. Ikaja simu, ikaja mlango kugongwa. "Ngoja" ya Chiriku huwa naiona: kidevu kinapanda, midomo inatangulia mbele. Nesi naye namwona. Anakaa ubavuni kwangu na kile chombo chake cha kupimia masikio, na kila akibonyeza, bega lake linainuka kidogo tu, yeye mwenyewe hajui. Likiinuka, nanyoosha mkono kama niliyesikia mlio. Miaka mitatu nimekuwa nikipimwa bega la nesi, na ndilo ninalofaulu.

Barakoa zilianza Jumatano, tarehe kumi na saba. Nilijiambia leo nitatazama macho yake. Saa nne asubuhi bati likakaa upande. Alisema ngoja. Alisema mara mbili, na wenzetu wa mashine ya pili walimsikia. Mimi nikakanyaga.

Mkono aliuwahi kuuchomoa. Glovu ilibaki, imebanwa ndani ya sufuria, vidole vinne vimekuwa bapa. Yeye amepoteza ukucha mmoja wa kidole cha kati. Alicheka kwanza. Kisha akakaa chini sakafuni akalia, nami nikawa namwona analia na sisikii chochote.

Msimamizi alipofika, Chiriku akaishusha barakoa. Naapa aliishusha ili mimi nimwone. Akasema, "Sikusema ngoja. Nilikuwa napiga soga." Wale wa mashine ya pili wakatazama viatu vyao. Wakamsimamisha kazi palepale, na kamati itakaa tarehe kumi Mei kuamua kama anarudi au ndiyo basi. Mimi wameniachia mashine na kunipa mtu mwingine, nikaenda naye siku chache, kisha nikasema naumwa, na kwa siku tatu hizi sijakanyaga kitu.

Nilimfuata nyumbani kwake. Alifungua mlango na mkono umefungwa kitambaa, akanisogelea uso kwa uso kama mtu anayesomesha, akaniambia polepole, "Wewe umebakiza miaka mitatu upumzike. Mimi bado nina nguvu, nitapata kwingine." Ana watoto wawili na mama mgonjwa. Atapata wapi? Anajua, Kitindamimba. Amejua muda wote, na amekuwa akiniangalia usoni kila anaposema ngoja, miaka mitatu, nami nikidhani ni mimi ninayemwangalia yeye.

Nina aibu. Sina neno jingine, na hili lenyewe ni dogo.

Kuna jambo nataka kukuuliza. Siku ile ya vitu vya mama, hilo neno uliloniomba msamaha, sikulisikia. Nilikujibu yamepita kwa sababu sikujua ni yapi. Niambie ulisema nini. Na uniambie huyo mtoto wa wimbo wa nne anaimbaje. Nataka niyajue yote mawili kabla ya tarehe kumi.

Dada yako


3 Mei

Dada, shikamoo.

Nilisema kuongea na wewe ni kuongea na ukuta. Ndilo hilo. Nimelibeba miezi minane nikijua limekuchoma, kumbe nilikuwa nimejichoma mwenyewe.

Mtoto ni wa kike. Nadhani ana miaka sita au saba. Haimbi vizuri. Hapigiwi hata gitaa moja, ni yeye tu, sauti iko juu kabisa na inatetemeka kidogo mwishoni, kama mtoto anayejiimbia bafuni akidhani hasikiwi na mtu. Anahesabu kwa Kijerumani, moja hadi kumi, polepole, kila namba na sauti yake. Kwenye saba anakosea, anacheka puani, anairudia. Akifika kumi anavuta pumzi. Unaisikia pumzi yenyewe. Hapo ndipo chuma kinaposhuka.

Wimbo wa tano, yule mzee anapohesabu na wewe ukasema anatafuna uji, anamjibu yule mtoto. Anakwenda namba kwa namba, na kwenye saba na yeye anakosea makusudi.

Mimi nililia palepale ulipolia wewe. Kwa hiyo mapigo ulikuwa umeyapata.

Tarehe kumi nitakuwa nje ya geti lenu kuanzia asubuhi. Sikuombi ruhusa. Wifi yako ameshanifungia nguo.

Mdogo wako,
Kitindamimba


26 Mei

Kitindamimba, marahaba.

Ya getini uliyaona mwenyewe. Ya ndani sikukusimulia yote, kwa sababu siku mbili ulizokaa tulikuwa tunaandikiana kwenye daftari na mkono wako ulikufa ganzi. Sasa nakuandikia vizuri.

Walikuwa wanne nyuma ya meza: msimamizi, bwana wa ofisini, mama wa ofisini na nesi. Chiriku kakaa pembeni, kidole kimefungwa. Wakaanza na yeye. Nikasimama kabla hajafungua mdomo, nikamwambia nesi akalete chombo chake. Akasema nimepimwa mwezi wa tatu, mzima. Nikamwambia, "Lete, halafu ugeuze kiti chako nisikuone bega."

Alikileta. Akageuza kiti. Nikavaa vile vya masikioni, nikautazama ukuta uliokuwa na kalenda, na nikakaa. Nilikaa muda mrefu sana. Mara tatu nilinyoosha mkono, kwa zile sauti nene. Zilizobaki sijui zilikuwa ngapi. Nilipogeuka, nesi alikuwa ameshika karatasi yake na hatazami mtu, na Chiriku alikuwa amejifunika uso kwa mkono ule mzima. Nikawaambia alisema ngoja. Alisema mara mbili. Waulizeni wa mashine ya pili. Wakawaita, na safari hii hawakutazama viatu.

Chiriku amerudi kwenye Tembo. Kizuizi cha waya kimerudishwa, na sufuria sasa ni mia tatu na hamsini. Mimi nimepewa onyo la maandishi, na nimehamishiwa kwenye kufungasha. Nazifunga sufuria kwenye karatasi, kubwa ndani yake ndogo, tano tano. Ni kazi ya kukaa. Vifundo vimepungua. Masikio nimeandikiwa vifaa, foleni yake ni miezi minane, na daktari kasema nisitegemee makubwa. Miaka thelathini na mitatu nilikuwa mtu wa Tembo, na sasa nikipita mlangoni kwake naona sakafu inatetemeka chini ya viatu, basi nasimama kidogo halafu naendelea. Wakati wa chakula Chiriku anakuja kukaa mbele yangu, anashusha barakoa, anaongea mpaka kengele. Simpati hata nusu. Lakini nimegundua hata zamani nilikuwa simsikilizi.

Jana nimeisikiliza albamu tena. Nimeliinamisha lile spika la Mjerumani, nikalilaza chali, nikalikalia. Usicheke. Nikaweka na viganja viwili ubavuni mwake. Wimbo wa kwanza mpaka wa tatu ulinipanda mpaka kwenye meno. Wimbo wa nne ulipofika nikachukua barua yako ya tarehe tatu nikaisoma polepole, namba kwa namba, nikarudia saba, na nilipofika kwenye pumzi chuma kikashuka. Tuliwahiana, mimi na yule mtoto. Nikaunganisha na wa tano bila kuinuka.

Sasa toa masahihisho, na uyaweke ukurasa wa mbele, si kule nyuma kwenye matangazo yako ya fotokopi. Andika hivi: Bibi Nyundo aliwaonea Wazee wa Chuma. Matoazi yapo, gitaa ni msumeno, na wimbo wa nne una mtoto. Aliyechoka alikuwa yeye, wao hawajachoka. Mwalimu wa hesabu aombwe radhi kwa jina lake.

Nyundo tisa. Ya kumi ni ya yule mtoto, itoe wewe uliyemsikia.

Dada yako,
Ukuta